Wazee wa Bura na Kipimo cha Saratani

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, mfanyakazi wa njia ya reli, mbele ya mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria kwa sababu ya zamu.)



Nimepewa nafasi ya kusema juu ya afya, na najua ya kwamba wengine wenu mmekuja kusikia habari za nyongeza ya mshahara. Hizo atazisema Katibu baada yangu, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Jambo langu lahusu wazazi wetu, hasa wale wa kule Bura, na ugonjwa wa saratani, na kwa nini mzee akiambiwa "twende ukapimwe" hujibu "mimi siumwi" akaendelea na kazi yake.

Kwanza nieleze ni Bura ipi, maana ziko nyingi. Sisi watu wa reli tunayo stesheni ya Bura kule Taita, kwenye njia ya Taveta, hiyo siisemi. Nasema Bura ya Mto Tana, na huko nako ziko mbili. Ng'ambo ya mashariki iko Bura ya Fafi, kaunti ya Garissa, ambako wenyeji wengi ni Wasomali wafugaji. Upande wa magharibi, kaunti ya Tana River, iko Bura ya mashamba ya maji, mradi ulioanzishwa mwisho wa miaka ya 1970, na huko Waorma na Wapokomo wamekaa pamoja na watu waliotoka pande nyingi za Kenya kuja kulima pamba. Wazazi wangu walikuwa katika hao waliokuja. Vijana walioshuka pale na majembe wakati ule ndio wazee wa leo. Reli haijafika kule. Ile ya kutoka Lamu kupita Garissa tulisikia ikizinduliwa mwaka 2012, na mpaka leo hakuna taruma lililolazwa. Mwenye safari hupanda basi, na mvua kubwa ikinyesha hapandi kitu. Novemba 2023 mto ulifurika ukaikata barabara kati ya Madogo na Garissa, watu wakavuka kwa mashua. Nayataja haya ili tusije tukawalaumu wazee kana kwamba hospitali iko nyuma ya nyumba.

Sasa ugonjwa wenyewe. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba mwaka 2020 Kenya ilipata wagonjwa wapya wapatao 42,000, na waliokufa ni 27,000 hivi. Katika hesabu hiyo kuna jambo moja ambalo naomba mlishike. Saratani ya matiti iliwapata wanawake zaidi ya 6,700, na saratani ya mlango wa kizazi ikawapata 5,200 hivi. Lakini katika kufa mambo yaligeuka: ya matiti iliua 3,100 hivi, na ya mlango wa kizazi ikaua 3,200. Iliyopata wachache ndiyo iliyoua wengi. Na hii ndiyo saratani ambayo madaktari wanajua inatoka wapi, na wanaweza kuikamata kabla haijawa saratani.

Hutokana na kirusi kinachopita kati ya mume na mke. Wanawake wengi hukipata wakati fulani katika maisha yao, na miili ya walio wengi hukifukuza yenyewe. Kwa wachache hubaki kimetulia, na tangu kuingia kwake mpaka saratani kutokea huweza kupita miaka 15 hata 20. Kwa hiyo bibi mmoja wa Bura aliyesema, "Mimi ni mjane miaka kumi na miwili, mambo hayo niliyaacha zamani, mniache," hakusema ujinga. Alisema neno lenye maana kwa mtu asiyeambiwa hesabu ya miaka. Angeambiwa ya kwamba kitu kilichoingia wakati wa ujana wake chaweza kuzuka leo, angelitafakari jambo hilo kwa namna nyingine. Ni nani aliyemwambia? Serikali ilipopima hali ya afya nchini mwaka 2015, ilionekana ya kwamba kati ya wanawake mia wenye miaka 30 hadi 49, wale waliowahi kupimwa hawakufika 17. Nao hao ndio wanawake wa umri wa kwenda kliniki na watoto, wanaokutana na muuguzi mara kwa mara. Bibi ambaye mtoto wake wa mwisho ameoa, hana sababu ya kukanyaga kliniki.

Wengi husema wazee wanakataa kwa sababu hawakusoma. Mimi sikubali. Nilipokuwa likizo nilikaa na wazee, chini ya miti na kwenye maduka ya chai, nikawasikiliza, na kila mmoja alikuwa na hoja yake.

Hoja ya kwanza ni hii: wanaokwenda hospitali kubwa kwa ajili ya saratani hawarudi. Ni kweli wameona hivyo. Kwa miaka mingi hospitali ya Kenyatta kule Nairobi peke yake ndiyo iliyokuwa hospitali ya serikali yenye mashine za mionzi kwa nchi nzima. Mtu wa Garissa alisafiri zaidi ya kilomita 350, akifika yuko taabani, akangoja zamu, akafa. Kijijini wakahesabu: alikwenda, akafa. Mzee aliyeona hivyo mara nne au tano hakosi haki ya kusema kwamba hospitali ndiyo inayoua. Yule aliyekwenda mapema akapona hatangazwi. Hupanda basi akarudi kwake kimya, na jirani hudhani alikwenda kumtembelea mtoto wake.

Hoja ya pili ilinishangaza. Mzee mmoja alinikumbusha mwezi wa Julai mwaka 2019. Mwezi ule mmoja Kenya iliwapoteza, kwa sababu ya saratani, Bwana Bob Collymore mkuu wa Safaricom, Bwana Ken Okoth mbunge wa Kibra, na Mama Joyce Laboso gavana wa Bomet. Redio zilisema habari hizo usiku na mchana. Wakubwa walidhani ya kwamba wananchi wakisikia hivyo watakimbilia kupimwa, na huenda mjini ilikuwa hivyo. Yule mzee wa Bura alisikia neno lingine. Akaniuliza: "Ikiwa wale wenye fedha na ndege za kwenda Ulaya hawakupona, mimi mwenye mbuzi sita nipimwe ili iweje?" Nilimjibu ya kwamba Bwana Okoth mwenyewe aliwaambia watu waziwazi kuwa ugonjwa wake uligunduliwa ukiwa umefika hatua ya nne, yaani mwisho. Fedha zake zilikuta ugonjwa umekwisha kutangulia. Mzee akanyamaza, kisha akasema redio haikumweleza jambo hilo. Pengine ilieleza, ila lililobaki masikioni ni vifo.

Hoja ya tatu ni Mungu. "Siku zangu anazijua Mwenyezi Mungu." Hapa sina ubishi, maana nami nililelewa na mafundisho ya misheni. Lakini masheikh na mapadre wote hufundisha ya kwamba kutafuta dawa si kumpinga Mungu, na mzee huyohuyo ngamia wake akilemaa hamngojei Mungu, humwita mjuzi wa mifugo. Nadhani mara nyingi neno la Mungu husemwa ili kufunika jingine ambalo ni gumu kulitoa: "Sitaki wanangu wauze shamba kwa ajili yangu." Hilo ndilo niliambiwa kwa sauti ya chini, na akina baba hasa.

Tena kuna hili la maneno. Hospitali husema "uchunguzi wa saratani". Kwa mzee, kuchunguzwa ni jambo la polisi. Anayechunguzwa ni mtu aliyekwisha kushukiwa. Na ukimwambia "ukapimwe saratani" husikia kwamba unayo tayari, na watoto wanaficha. Wengine tena Kiswahili si lugha yao ya nyumbani. Husema Kisomali, Kiorma au Kipokomo, na muuguzi ana watu arobaini mlangoni. Sisi wa njia twalijua jambo hili kwa jina lingine, nalo ni ukaguzi. Asubuhi mtu wa genge hutembea juu ya reli na spana yake, akitazama boliti, mataruma na maungio. Hatembei kwa sababu reli imevunjika. Akikuta boliti moja imelegea huikaza palepale, na gari ikipita abiria hawajui kama kulikuwa na neno. Niliwaeleza wazee wa Bura hivyo, na Mworma mmoja akasema hata wao wanayo: jioni ng'ombe wakiingia zizini, mwenyewe husimama mlangoni akimtazama kila mmoja anavyokanyaga. Tangu siku ile nimeacha kusema uchunguzi.

Basi vipimo vyenyewe ni vipi? Hapa nitasema polepole, kwa sababu habari za nusu ndizo zinazoharibu, na simu zetu siku hizi zimejaa habari za majani yanayoponya saratani zote kwa siku saba.

Kwa mlango wa kizazi, kipimo kilichoenea katika zahanati ni cha siki. Muuguzi hupaka maji ya siki, hungoja kama dakika moja, na mahali penye kasoro hugeuka peupe. Pakionekana pana kasoro ndogo, mara nyingi huweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa kupagandisha au kupachoma kwa joto, na mtu akarudi kwake. Lakini sikilizeni: siki yafaa zaidi kwa wanawake ambao bado wana siku zao. Mwanamke aliyepita miaka 50 na kukoma hedhi, sehemu inayotakiwa kutazamwa hurudi ndani, na siki haionyeshi vizuri. Kwake kinafaa zaidi kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe. Katika kipimo hiki hutumika kijiti chenye pamba, na mwanamke huweza kujichukulia mwenyewe akiwa peke yake nyuma ya pazia, kisha akampa muuguzi kwenda maabara. Haya ndiyo maneno ya kumpelekea mama, maana akienda akaambiwa "siki haikuonyesha", asidhani amekwisha kupimwa.

Kijiti hicho kina faida nyingine ambayo nitaigusa kwa heshima. Katika pande za Garissa wanawake wengi wa umri wa mama zetu walipashwa tohara ya kale, ile ya kufungwa. Sheria ya mwaka 2011 imeipiga marufuku, lakini wao walikwisha kufanyiwa. Chombo cha kutazamia ndani huwaumiza, nao huona haya kueleza, hasa wakimkuta muuguzi ni kijana wa kiume mwenye umri wa mjukuu. Wakirudi nyumbani husema tu "sitaki". Mtu asiyejua sababu huandika kwamba mama huyu ni mkaidi.

Kwa matiti, mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2018 wasema mwanamke wa miaka 40 hadi 74 apigwe picha ya matiti kwa mashine, nayo iko katika hospitali kubwa. Kwa utumbo mpana kuna kipimo cha choo, kuanzia miaka 45 hadi 75, kwa waume na wake. Hutafutwa damu ambayo jicho haliioni. Wanaume wengi hawajui hata kama kipo.

Kwa tezi dume, ndugu zangu, najua mzaha unaofanywa kwenye karakana juu ya kidole cha daktari. Kipimo cha kwanza ni cha damu tu. Tena hiki si kipimo cha kumsukumia kila mzee. Kuna saratani za tezi dume zinazokwenda polepole mno, hata mtu akafa kwa uzee wake bila kusumbuliwa nazo, na matibabu yake huweza kuleta madhara. Mzee wa miaka 80 huenda asipate faida yoyote. Mwenye miaka 50 au 60, hasa ambaye baba yake au ndugu yake aliugua, yafaa azungumze na daktari faida na hasara, ndipo aamue. Nasema hivyo kwa sababu mzee akigundua umemficha upande mmoja wa jambo, hatakuamini tena katika upande wa pili.

Na ipo saratani ambayo haina kipimo cha namna hii kwa watu wote, nayo yatuua sana Afrika ya Mashariki: ya koo la chakula. Hapa cha kufanya ni kuzijua dalili. Mzee mmoja jirani yetu alianza kukwama na ugali, akahamia uji, akahamia chai peke yake, akila vidonge vya vidonda vya tumbo mwaka mzima. Alipopelekwa kutazamwa kwa mpira wenye taa, njia ilikuwa imebaki kama unyasi. Mtu anayekwamwa na chakula aende mara moja. Hali kadhalika mwanamke aliyekoma hedhi kisha akaona damu, au mwenye uvimbe titini, au anayeona damu chooni: hao hawangojei siku ya kupimwa, wanamhitaji daktari wiki hiyohiyo. Na kwa kuwa nimetaja chai, mwaka 2016 lile shirika la utafiti lilisema ya kwamba kunywa vitu vya moto sana, kupita nyuzi 65, huenda kunaleta saratani ya koo hilo. Wazee wa kule hunywa chai ikiwa bado inatokota, nao huona fahari. Ngojeni ipoe kidogo, ladha haipungui.

Mama yangu ana miaka sitini na mitatu. Alikataa maneno ya redio, akakataa ya mganga wa zahanati, na yangu aliyapokea kwa adabu akayaweka kando. Aliyemtoa nyumbani ni shoga yake, mwanamke waliyechuma pamba pamoja, ambaye alikwenda Garissa asubuhi, akapimwa, akarudi, na jioni akapika. Mama alikaa akimtazama anapika. Siku ya pili akaniuliza nauli ni kiasi gani. Alipimwa kwa kile kijiti, na majibu yakaja kwamba hana kirusi. Naye sasa amewapeleka wawili wengine. Serikali ilipowatuma wale wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya laki moja nchi nzima, mwaka 2023, ilifanya vema, na wao huingia nyumba kwa nyumba. Lakini naona kila kijiji chahitaji pia bibi mmoja aliyekwenda akarudi, naye apewe nafasi ya kusema.

Yule anayekutwa na ugonjwa, leo hana lazima ya kwenda Nairobi kama zamani. Serikali ilijenga vituo vitatu vya saratani nje ya Nairobi, yaani Nakuru, Mombasa na Garissa, na cha Garissa kiko katika hospitali kuu ya kaunti. Habari hii Bura wengi hawanayo. Niliwauliza wazee tisa katika duka moja la chai. Wawili ndio waliojua.

Imebaki fedha, na hapa ndipo chama chetu kinapohusika. Tangu Oktoba 2024 ile bima ya NHIF imekwisha, ikaja SHA, na sisi sote twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Wengi wetu twadhani makato hayo yanawafunika wazazi. Hayawafuniki. Yamfunika mfanyakazi, mke au mume wake, na watoto. Mama na baba huandikwa kama nyumba yao wenyewe, na hulipa mchango wao wa mwaka, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mkulima wa Bura anayengoja malipo ya mavuno hilo ni jambo, lakini kwa mtoto mwenye mshahara si zito kama kuuza shamba. Ulizeni nyumbani wiki hii kama wameandikwa. Na wenzetu waliostaafu, ambao walivuta moshi wa dizeli miaka thelathini katika mabanda ya injini, wameacha kukatwa mshahara wakati uleule umri wa saratani ulipowafikia. Moshi huo ulitangazwa mwaka 2012 kwamba huleta saratani ya mapafu. Mstaafu akienda kwa daktari na kikohozi kisichokwisha, aseme alifanya kazi gani.

Kwa hiyo naleta maombi mawili mbele ya tawi. La kwanza, Kamati iombe kwa mwajiri siku moja kwa mwaka, yenye mshahara, ya kumsindikiza mzazi kupimwa. Twapewa ruhusa ya kuzika, basi na hii si kubwa. La pili, Katibu awaandikie wakuu wa afya wa kaunti za Garissa na Tana River, aombe siku ya kupima Bura, pande zote mbili za mto, wakati wa kiangazi barabara ikiwa nzima, na waje wauguzi wanawake wanaojua Kisomali na Kiorma, wakiwa na vile vijiti na si siki peke yake. Wenye wazazi Bura, Hola, Madogo na Garissa waandike majina kwenye karatasi iliyo mezani kwa Mtunza Hazina, pamoja na umri wa mzazi na lugha anayoisema, ili barua iende na hesabu.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha. Wako hapa akina mama wauguzi wawili mliowaalika. Maswali ya wanawake naomba waulizwe wao, na wanaume watoke nje kidogo wakanywe chai.